Mwivi yuleyule, jina jipya

"Banamwachilia tena."

Lubumbashi, maneno hayo hayahitaji maelezo. Ukiyasikia kwenye foleni ya maji Katuba au ndani ya basi linaloelekea Ruashi, huulizi nani kaachiliwa. Hadithi unaijua: umeme ulikatika, wezi wakaingia kwa mama fulani saa nane za usiku, wakapiga watu, wakabeba simu, televisheni na pesa za biashara. Vijana wa avenyu wakamnasa mmoja, wakampeleka polisi akiwa mzima (hilo si jambo dogo, nitalirudia). Na sasa, wiki tatu baadaye, yule mwivi amesimama kwenye kona ileile anatafuna karanga na kuwatazama wapita njia.

Kwa nini yuko huru? Mtaa una majibu mawili. Jibu la kwanza: polisi na watu wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, wamekula rushwa. Jibu la pili: sheria za Kongo ni laini, zinawabembeleza majambazi. La kwanza mara nyingine ni kweli, na atakayekwambia si kweli hajawahi kupeleka kesi popote. La pili si kweli hata kidogo, na kwa sababu ndilo linalorudiwa zaidi, tuanze nalo.

Kanuni ya adhabu tunayoitumia ni ya tarehe 30 Januari 1940, enzi za Wabelgiji, ikiwa imetiwa viraka mara nyingi tangu hapo. Wizi wa kawaida, kama wa kuchomoa simu mfukoni bila kumuumiza mwenyewe, unaweza kumpa mtu kifungo kisichozidi miaka 5. Akitumia nguvu au vitisho, ni miaka 5 hadi 20. Akiiba na silaha mkononi, kipo kifungu cha 81 bis, kilichoongezwa mwaka 1968, na adhabu yake ni kifo. Kuna pia kosa la kuunda genge kwa nia ya kushambulia watu au mali zao. Hilo ni kosa kwa kuwepo kwa genge tu, hata kama halijavunja mlango wowote, na adhabu yake nayo inaweza kufika kifo. Jaji akiona sababu za kupunguza adhabu anaweza kushuka hadi kifungo cha maisha au cha miaka atakayoipanga mwenyewe, lakini pa kuanzia ni pale.

Huu si ulaini. Na serikali imezidi kukaza. Tarehe 13 Machi 2024 waziri wa sheria wa wakati huo, Rose Mutombo, alitia saini waraka wa kuondoa usitishaji wa utekelezaji wa hukumu za kifo uliokuwapo tangu 2003, na waraka huo ulitaja waziwazi ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Kabla ya hapo, mfungwa wa mwisho kunyongwa au kupigwa risasi kwa amri ya mahakama alikuwa wa Januari 2003. Kisha akaja Constant Mutamba kwenye kiti hichohicho, na mwanzoni mwa 2025 zaidi ya vijana 100 wa Kinshasa waliohukumiwa kifo, wale wanaoitwa kuluna, walipakiwa ndege hadi gereza la Angenga, huko kaskazini kwenye misitu. Kwa hiyo anayesema dawa ni kuongeza adhabu, mwulize ataongeza nini juu ya kifo.

Tatizo linakaa katikati, baina ya ile kona ya Katuba na siku ya hukumu. Na ili kuliona inabidi tumfuate huyo kijana aliyekamatwa, hatua kwa hatua. Ni kijana wa mfano tu, simjui, ingawa kila mtaa una wake.

Anaanzia mikononi mwa OPJ, yaani ofisa wa polisi mwenye mamlaka ya kupeleleza kwa niaba ya mahakama. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inampa OPJ saa 48. Zikiisha, mtu ama aachiliwe ama afikishwe mbele ya chombo cha sheria. Saa 48 ni chache kuliko zinavyosikika. Ndani yake OPJ anatakiwa kumhoji mshukiwa, kumsikiliza mama aliyeibiwa, kutafuta mashahidi, kukamata vitu vilivyoibwa na kuandika yote hayo kwenye PV, yaani hati ya maelezo ya kesi. Kwa karatasi gani? Kwa gari gani? Mara nyingi mlalamikaji ndiye anayeombwa pesa za karatasi na mafuta ya pikipiki. Nimewahi kuiona PV ya wizi wa usiku yenye ukurasa mmoja, nusu yake ikiwa kichwa cha ofisi na muhuri. Jina la shahidi halimo, silaha haimo. Vijana watatu waliomkamata mwivi kwa mikono yao hawakuulizwa hata majina. Kesi ile ilikufa siku ileile ilipozaliwa, ila ilichukua miezi kutangaza msiba.

Hapohapo polisi kuna mlango wa kwanza wa kutokea. Kwa makosa madogo, sheria inaruhusu mshukiwa kulipa faini ya makubaliano, na akiilipa, kesi imekwisha. Pesa hiyo ni ya hazina ya serikali na inapaswa kuwa na risiti. Nia yake ni nzuri: hakuna haja ya kumpeleka mbele ya jaji kila aliyetukanana na jirani. Ubaya unaanza pale kosa kubwa linapovalishwa nguo ya kosa dogo. Wizi wa nguvu unaandikwa "wizi wa kawaida", panga linasahaulika, faini inalipwa, risiti haionekani. Mtaani watu husema kijana "amelipa dhamana". Hakulipa dhamana yoyote. Dhamana ni kitu kingine na huombwa kwa mtu mwingine.

Tuseme OPJ wetu ni mtu mwaminifu na faili linafika parke. Huko linapewa namba, RMP, namba ya daftari la mwendesha mashtaka. Ikumbuke namba hiyo. Ofisa wa parke anamhoji kijana. Akiona dalili nzito za hatia, na kosa likiwa na adhabu ya angalau miezi 6, anaweza kutoa hati ya kumshikilia kwa muda, ile tunayoiita manda. Manda si hukumu wala si ruhusa ya kumsahau mtu ndani. Kama jaji yuko mji huohuo, na Lubumbashi majaji wapo, kijana lazima afikishwe mbele ya jaji ndani ya siku 5.

Kikao hicho hufanyika faragha. Mama aliyeibiwa hayumo, wala magazeti. Jaji haulizi kama kijana aliiba. Anauliza kama kuna sababu ya kumweka ndani wakati uchunguzi unaendelea. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia, na siwalaumu, kwa maana neno lenyewe linapotosha: kijana anakwenda buloko (gerezani), analala buloko, anakula chakula cha buloko, kwa nini tusimwite mfungwa? Lakini katiba, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni, kuzuiliwa ndiko kusiko kawaida, na kila anayeshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho iseme vingine. Jaji akikubali azuiliwe, idhini yake inadumu siku 15. Baada ya hapo inaongezwa mwezi kwa mwezi. Kwa makosa yenye adhabu ya miezi 6 au zaidi, haiongezwi zaidi ya mara tatu mfululizo. Ikipita hapo, jaji lazima aamue mbele ya watu, mahakamani, milango wazi.

Piga hesabu: siku 15 na miezi 3. Huo ndio muda ambao sheria ya mwaka 1959 ya mwenendo wa kesi iliona unatosha kuchunguza wizi na kuupeleka mahakamani. Wale waliowahi kumtembelea ndugu yao Kasapa, gereza la Lubumbashi, wanajua kinachotokea. Kuna anayemaliza mwaka bila kumwona jaji, na kuna anayetoka wiki ya pili. Mara nyingi aliyekaa mwaka ni yule aliyeiba kuku.

Sasa dhamana. Wakati jaji anaidhinisha au anaongeza muda wa kuzuiliwa, kijana anaweza kuomba uhuru wa muda. Jaji akikubali, kijana anaweka kiasi cha pesa mikononi mwa karani wa mahakama. Pesa hiyo ni rehani. Inasema: nitakuja kila mkiniita, na nikihukumiwa nitakuja kutumikia kifungo changu. Akitimiza, anarudishiwa. Akikimbia, inakwenda kwa serikali. Zaidi ya pesa, jaji anaweza kumwekea masharti: asitoke mjini bila ruhusa, asikanyage sehemu fulani, stesheni kwa mfano, aje kuripoti kila baada ya siku kadhaa. Na sharti ambalo lipo daima ni kwamba asivuruge uchunguzi wala asilete fedheha kwa mwenendo wake.

Linganisha hayo na yanayosemwa mtaani. Kwetu "kulipa dhamana" maana yake ni kununua kesi. Kwa sheria, anayetoka kwa dhamana bado ana kesi, bado ana tarehe, na pesa yake bado imefungwa. Kuachiliwa huko hakumaanishi amesamehewa wala ameshinda. Ila ili mtaa uamini, ingebidi mtaa uone kitu: karatasi, tangazo, mtu wa kumweleza mama kwamba kijana katoka kwa masharti haya, na akija kukutisha nenda parke, manda itarudi. Hakuna anayemweleza. Anamkuta tu pale konani na karanga zake.

Niseme pia jambo ambalo huwakera wanaharakati na wakereketwa wa adhabu kali kwa pamoja. Jambazi mwenye bunduki ni nadra kutoka kwa dhamana ya kweli. Dhamana ya kweli inahitaji anwani, wakili, pesa halali na jaji aliyeridhika, na jambazi wa bunduki ni nadra kuwa na yote hayo kwa pamoja. Yeye hutokea kwenye milango mingine. Manda imekwisha muda na hakuna aliyeiongeza, wakili akaja na tarehe mkononi, jaji hana la kufanya. Au parke imelifunga faili kwa kukosa ushahidi. Au faili halionekani. Nimesikia mawakili wakisema kwa utani kwamba faili Lubumbashi lina miguu mingi kuliko mshtakiwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini, yaani mrudiaji.

Mtaa una daftari lake kichwani. Huyu aliiba kwa papa fundi wa viatu miaka mitatu iliyopita, akaiba simu sokoni Kenya (mtaa wa hapahapa Lubumbashi, si nchi), mwaka jana alikuwa na wale waliomkata mkono mlinzi kule Bel-Air. Mara tatu au nne, basi ni sugu, na mtu sugu asiachiliwe. Hoja hiyo ina mantiki kabisa. Sheria nayo haipuuzi mrudiaji. Aliyewahi kufungwa kifungo cha maana hapati adhabu ya kusimamishwa, ile ambayo mtu anahukumiwa lakini harudi gerezani ilimradi asikosee tena. Na kwa wale wanaoonyesha kwamba uhalifu umekuwa mazoea yao, kanuni ya 1940 ina hatua ya kuwaweka chini ya mamlaka ya serikali kwa miaka kadhaa baada ya kumaliza kifungo chenyewe.

Lakini tazama vyote hivyo vinasimama juu ya nini. Juu ya hukumu ya zamani. Kukamatwa hakuhesabiki. Manda haihesabiki, faini ya makubaliano haihesabiki, miezi minne Kasapa iliyoishia kwa faili kufungwa haihesabiki. Hata hukumu iliyokatiwa rufaa haijawa hukumu mpaka rufaa iishe. Sasa mrudie kijana wetu na mara zake nne. Mara ya kwanza alilipa faini polisi. Mara ya pili manda ilikwisha muda. Mara ya tatu mlinzi aliyekatwa mkono hakuitwa, au aliitwa na alikuwa amerudi kijijini, faili likafungwa. Mbele ya jaji, kijana wa mara nne ni mtu asiye na doa. Hajawahi kuiba. Jaji anayemhukumu kama mtu wa kosa la kwanza hajahongwa wala hajalainika. Anasoma alichowekewa mezani, na kilichowekwa mezani ni karatasi tupu.

Tuseme aliwahi kuhukumiwa kweli, miaka miwili, Kasapa. Je, jaji wa leo atajua? Atajua kama jina ni lilelile. Na majina yetu, asante kwa historia, ni matatu: jina, jina la pili na jina la ubatizo, lile ambalo Mobutu alilifukuza mwaka 1972 na likarudi kimyakimya. Kijana akitanguliza jina la babu kwenye PV ya Kampemba, na jina la baba kwenye PV ya Ruashi, tayari ni watu wawili. Kitambulisho kinachotumika kwa miaka mingi ni kadi ya mpiga kura, na mwivi haendi kazini na kadi ya mpiga kura. Rekodi za hukumu zinakaa kwenye madaftari, ofisi kwa ofisi. Aliyehukumiwa Likasi au Kolwezi anaweza kuwa mgeni kabisa Lubumbashi, mwendo wa saa chache kwa gari. Watu wa komini moja wanamjua kwa jina la utani, kovu na mwendo wake. Dola haimjui kwa lolote.

Umri nao unaongeza fundo. Wengi wa wanaoshika panga usiku hawajafika miaka 18. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema aliye chini ya miaka 14 hawezi kushtakiwa kamwe, na wa 14 hadi 18 anapelekwa mahakama ya watoto, ambako hapewi adhabu bali hatua za malezi. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 19 anaweza kuwa na miaka mitano ya kazi hiyo nyuma yake na bado daftari lake kuwa jeupe. Na pale asipokuwa na cheti cha kuzaliwa, umri wenyewe huwa wa kukisia.

Kuna kesi ambazo haziendi njia hii kabisa. Silaha ikiwa ya kivita, au aliyeshika bunduki akiwa askari au polisi, faili huenda kwa waendesha mashtaka wa kijeshi, chini ya sheria za mwaka 2002. Katiba inasema mahakama hizo ni za wanajeshi na polisi, lakini raia bado wanajikuta humo kwa sababu ya bunduki waliyokutwa nayo. Huko mambo huenda haraka, mara nyingine kwa kikao cha hadhara mbele ya umati, na umati hupenda. Mimi hunitia wasiwasi. Kesi iliyokimbizwa ili kuuridhisha umati ina uwezekano uleule wa kumfunga mtu asiyehusika, na mhusika akabaki nje akiangalia.

Halafu kuna gereza lenyewe. Kasapa ilijengwa kwa watu 800. Mwaka 2020 ilikuwa na takriban 2,000, na kwa siku kadhaa mwishoni mwa Septemba mwaka huo wafungwa walishika gereza, wakachoma majengo, wanawake waliofungwa humo wakabakwa. Miaka tisa kabla, Septemba 2011, watu wenye silaha waliivamia mchana kweupe kumtoa Gédéon Kyungu, mbabe wa vita aliyekuwa amehukumiwa kifo, na karibu wafungwa 1,000 wakatoka naye. Gereza la Makala, Kinshasa, lililojengwa kwa 1,500, lilikuwa na karibu mara kumi ya hao Septemba 2024, usiku ule wa jaribio la kutoroka ambapo serikali ilihesabu maiti 129. Goma, Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, gereza la Munzenze lilifunguka na maelfu wakatoka. Anayepiga kelele "wafungwe wote" afikirie wote hao wanafungwa wapi, na nani analinda mlango.

Sehemu kubwa ya waliomo magerezani mwetu hawajahukumiwa. Wanalala chumba kimoja na waliohukumiwa, chini ya kapita, mfungwa mwenzao anayetawala. Kijana aliyeingia kwa simu moja anakutana humo na wazee wa kazi. Akikaa miezi minane bila kesi, akatoka kwa sababu manda imeoza, amejifunza anapopatikana mtu wa kukodisha bunduki. Hukumu hakupata, shule alipata.

Gereza likijaa, milango mingine inafunguliwa, na hii ni halali kabisa. Siku zote ambazo mtu alizuiliwa kabla ya hukumu zinakatwa kwenye kifungo chake. Ndiyo maana unaweza kusikia asubuhi kwamba kijana kafungwa mwaka mmoja na jioni ukamkuta nyumbani kwao: mwaka huo alikwisha kuulala. Aliyetumikia robo ya kifungo chake, mradi amekaa zaidi ya miezi 3, anaweza kupewa uhuru wa masharti na waziri wa sheria. Rais, kwa kifungu cha 87 cha katiba, ana haki ya kusamehe au kupunguza adhabu, na mara nyingi hufanya hivyo karibu na sikukuu kubwa. Hakuna lolote kati ya hayo linalomfikia mama wa Katuba kwa njia rasmi. Yeye husoma yote kwa neno moja, banamwachilia.

Niliahidi kurudi kwenye kumpeleka mwivi polisi akiwa mzima. Kuna mitaa ambayo haimpeleki tena. Tairi, petroli, kiberiti. Nimesikia watu wenye heshima zao, wazee wa kanisa, wakisema hiyo ndiyo mahakama pekee isiyoahirisha kesi. Tuache kwanza kwamba ni mauaji, na kwamba aliyechomwa mara nyingine alikuwa mlevi aliyepotea njia. Tutazame faida yake tu, kwa jicho la mfanyabiashara. Maiti haitaji wenzake. Haisemi bunduki ilikodishwa kwa nani, simu zinauzwa kwa nani, nani aliwaambia kwamba mama kapokea pesa za likelemba, ule mchango wa kupokezana, siku ile. Genge la watu wanne linabaki na watatu, wameonywa, na safari ijayo hawatakubali kukamatwa wazima. Mtaa umefunga faili kwa haraka kuliko parke, na kwa matokeo yaleyale: hakuna hukumu, hakuna rekodi.

Kwa hiyo yule mama afanye nini? Nimewauliza mawakili wawili na karani mmoja mstaafu, kila mmoja kwa wakati wake, na majibu yao yalifanana kiasi cha kunishangaza. Hawakuanza na adhabu. Walianza na namba. Aliyeibiwa na kupigwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo, apate karatasi ya daktari, maana bila karatasi ya majeraha wizi wa nguvu unageuka wizi wa kawaida kwenye PV. Aseme silaha aliyoiona na atake iandikwe kabla hajatia saini. Majina ya vijana waliokamata yaandikwe, hata kama wanaogopa. Faili likipanda parke, aombe RMP, aiandike nyuma ya picha ya mtoto kama hana daftari, kwa sababu bila RMP akirudi baada ya mwezi ataambiwa faili halijulikani. Kesi ikifika mahakamani inapata namba nyingine, RP. Hapo ajiunge na kesi kama mdai wa fidia, ili awe mtu ambaye mahakama inalazimika kumwita, si shahidi wa kupita tu. Na kama parke imelala, sheria inamruhusu kumshtaki mshukiwa moja kwa moja mahakamani, ingawa hapo gharama ni zake.

Karani mstaafu aliongeza moja ambayo mawakili hawakuisema. "Mama," alisema, kana kwamba mama yuko pale mbele yetu, "ukihama nyumba, njoo utuambie." Miaka yake yote ya kazi, alisema, aliona kesi nyingi zaidi zikifa kwa barua ya wito iliyopelekwa kwenye nyumba isiyo na mtu kuliko kwa rushwa. Watu waliovamiwa huhama, nani atalala tena chumba kile? Mpeleka wito anafika, anagonga, jirani anasema walihamia upande wa Kasapa au labda Kolwezi, yeye anaandika "hajulikani aliko" na kurudi.

Siku ya kesi kijana analetwa na gari la gereza pamoja na wengine thelathini, wamefungwa wawiliwawili. Karani anasoma namba na jina, moja kati ya majina yake. Anaita mlalamikaji. Anaita mara ya pili, kwa Kiswahili safari hii, akielekeza sauti mlangoni kwa waliosimama nje. Jaji anaangalia saa, anaahirisha kwa siku 15, na kijana anarudi kukaa. Wakati huo mama yuko sokoni Kenya, mbele ya meza yake ya unga, anapimia mteja kopo la pili.